Duka la Mtama wa Bure

Mwaka wa njaa, Kunguru alifungua duka la mtama wa bure. Kila ndege alipewa punje kumi, mradi ajaze jani: unaishi mti gani, tawi gani, unatoka saa ngapi, una mayai mangapi au makinda wangapi.

Mke wa Njiwa alijaza. Kesho yake Kenge alimla kiotoni, bila hata kuuliza njia. Njiwa alihama na makinda wawili waliosalia, na njaa ilipowazidi akaenda dukani mwenyewe.

"Pole na msiba, mzee," alisema Kunguru. "Jaza hapa."

"Majani haya ni ya nini?"

"Kuboresha huduma tu."

"Unagawa mtama, bwana, lakini mdomo wako unanuka nyama."

"Mzee, unajaza au hujazi? Foleni ndefu."

"Na huwa unayasoma?"

"Niyasome ya nini? Mimi nakusanya."

Njiwa akajaza kwa hati nzuri: mkwaju mkubwa, tawi la juu kabisa, natoka asubuhi, mayai manne. Akapokea punje zake, akazihesabu, akaaga.

Jioni ya pili Kunguru alifunga duka, akarudi kwake, kwenye mkwaju mkubwa, tawi la juu kabisa. Alikuta maganda manne, na Kenge akijilamba.

"Mshenzi! Nani kakuambia ninapokaa?"

"Wewe," alisema Kenge, akimrudishia lile jani lenye hati nzuri. "Na kusema kweli, shehe, huduma imeboreka."