Mhariri Hajitii Kitabuni

Enzi hizo, mhariri akifuta jambo kwenye kitabu cha maisha yako, kikishachapwa nawe hulikumbuki tena. Watu walikimbilia wahariri wawafutie machungu, na Tanga nzima hakuna aliyemfikia Bi Mwanakombo. Mswada wa mumewe, Shekue, aliupiga msasa hadi ukang'aa. Na kwa kuwa mwiko wa kazi yake ni mhariri kujitia kitabuni, alijifuta bila kusita kila alipotajwa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulirindima kwa makofi, naye kifua kikamjaa fahari. Waliporudi nyumbani akamwandalia mumewe chai ya tangawizi.

Shekue aliipokea kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Bi Mhariri, kazi yako haina mfano," alisema. "Sasa nikusindikize kwenu, mumeo asije akaingiwa na wasiwasi."