Abee ya Mishi

Siku hizi sheria inamruhusu mfiwa kwenda likizo ambayo marehemu hakuitumia, mradi kuta za nyumba, ambazo huhifadhi kila neno, zitoe sauti ya marehemu akiiomba safari hiyo.

Kesho ni Idi, na ndiyo kwanza Mzee Mbaruku anakumbuka msitu wa Amani na magofu ya Tongoni.

"Wakubwa nyie, hata maiti hamumpumzishi!" alifoka. "Mke wangu alitaka kwenda miaka yote. Mnadhani nawadanganya?"

"Hatudhani, mzee," karani wa likizo akajibu kutoka ukutani. "Tusikilize pamoja."

Ukuta ukaanza kutoa sauti ya Mishi, mkewe. "Abee!" Tena, "Abee!" Aliitika akiwa jikoni, akiwa uani, hata kitandani akiumwa. Baada ya kila abee ilifuata sauti ya Mbaruku: maji, shati, chai imepoa.

"Mmefuta maneno yake!"

"Vumilia, mzee."

Ndipo ombi likaja. "Baba Saumu, sikukuu hii twende Amani? Wanasema miti ya kule inadondosha maji hata jua likiwaka. Turudi kupitia Tongoni, tuone magofu."

Na Mbaruku, papo hapo: "Chumvi iko wapi?"

Karani akakohoa. "Imetosha, mzee. Kiti umepata. Gari linaondoka alfajiri."

Mbaruku akatafuta wa kumlaumu, asimpate. Begi likabaki wazi kitandani, tupu. Akaita kwa sauti ndogo, "Mishi."

"Abee!" ukuta ukaitika upesi, kama zamani, ukangoja kutumwa.