Kiganja cha Bwana Shemzigwa

Hakuna kitabu kilichotoka katika nyumba ya uchapaji ya Bwana Shemzigwa kabla hajakipima kwa kiganja. Alikilaza mkononi, akafumba macho, kisha akatamka bei. Na mji mzima uliamini kwamba kiganja hicho hakimpunji msomaji wala mwandishi.

Asubuhi hiyo bintiye, Mwantumu, alimwekea simu kiganjani.

"Kitabu kipya kimo humo, baba. Tamka bei nikitie sokoni."

Mzee akafumba macho. Akangoja.

"Kitoe kwanza, niipime simu tupu."

"Hii si nazi, baba, useme utaitikisa!" Mwantumu alicheka, lakini akakifuta. Uzito ulikuwa uleule.

"Kirudishe. Tia na vingine."

"Haya, nimetia vyote tulivyowahi kuchapa. Mbona jasho linakutoka?"

Mzee akainua kiganja, akakishusha. Kazi ya umri wake wote ilikuwa juu ya kiganja chake, na kiganja hakikuihisi.

"Wenzetu wanauza kwa bei ya andazi," binti alisema, sasa kwa upole. "Tukizidisha hapo, hanunui mtu."

"Na tukiuza hivyo, cha karatasi atakinunua nani? Mafundi wangu watakula nini?"

Nyuma ya ukuta mtambo wa kuchapa ulikuwa ukinguruma. Ghafla ukanyamaza. Huenda mafundi walikuwa wakibadilisha karatasi tu. Mzee alibaki amefumba macho, simu kiganjani, akitega sikio upande wa ukuta.