Mlingoti wa Antena

Mzee Kihampa aliushika mlingoti wa antena kwa mikono miwili, akauzungusha taratibu. "Imekuja?"

"Picha safi," mkewe alijibu kutoka sebuleni. "Bado wanafundisha kilimo cha uyoga."

Timu ya taifa ilikuwa uwanjani, na miaka yote televisheni ya taifa ndiyo iliyowaonyesha mechi zake. Kihampa alilitazama dishi jipya la jirani yake Sefu, mwenye banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio.

"Huyu ameichezea antena yetu."

"Hawaonyeshi tena, Baba Zawadi. Walishatangaza."

"Walimtangazia nani?"

Sefu alichungulia juu ya ukuta. "Mzee, njoo utazame bure."

"Bure," Kihampa alirudia, akazidi kumshuku.

Bandani watu wakalipuka kwa shangwe. Kihampa aliigeuza antena, akaielekeza kwenye zile kelele.

"Imekuja?"