Panyabuku na Jembe la Saba

Panyabuku hakuweza kupita gulioni bila kununua kifaa. Siku aliyorudi na jembe la saba, jirani yake Fuko alimuuliza, "Ndugu yangu, wewe hulimi. Hilo la nini?"

"Lilikuwa linanitazama," alijibu Panyabuku.

Alipolisukuma ndani, shimo likajaa vifaa mpaka mlangoni. Mara Kicheche akatokea, njaa imemshika. Panyabuku akakimbilia shimoni, lakini kiliingia kichwa tu. Makalio yakabaki nje yakitetemeka.

Fuko akachimba upesi kutoka chini, akamvuta kwa masharubu mpaka nyumbani kwake.

Panyabuku alipopata pumzi, akamshika Fuko mkono, akazikodolea macho kucha zake.

"Jirani, hizi umezinunua wapi?"