Ujumbe wa Alfajiri

"Shukeni tu mtoni, mama, wewe na wenzako, mkaoshe karoti. Maji hayafiki hata magotini," alisema Raya, macho kwenye kompyuta yake mjini Morogoro.

Kule Mgeta mama alicheka, akaifunga simu kwenye pindo la kanga bila kuikata, kama kawaida yake.

Hapo ndipo Raya alipoona saa ya ujumbe aliokuwa ameutegemea, uliotumwa na kipimo cha maji kilichoko mtoni: alfajiri. Sasa ilikuwa adhuhuri. Programu yake ya mafuriko ilisoma ujumbe mmoja mmoja, kwa kujikokota. Jumbe zilizofuata zote zilikuwa bado kwenye foleni.

Akaruka hadi wa mwisho. Mchoro wa maji ukapanda, ukatoka nje ya kioo.

"Mama! Msishuke!"

Kutoka pindoni alisikia wanawake wakiimba, na nyuma ya wimbo, mawe makubwa yakibingirika.