Soksi za Bi Mwamina

Saa tatu asubuhi, soksi za Bi Mwamina zilianza kucheza ngoma.

Binti yake, Nasma, aliziona kwenye simu akiwa kibandani kwake Nachingwea, anampimia mteja kitenge. Mkasi ukamponyoka. Zile nyayo mbili kwenye kioo, ambazo kwa miezi mitatu zilikuwa zikijiburuta kigonjwagonjwa, sasa zilikuwa zinaruka, zinakanyagia vidole, zinazunguka!

"Mama yangu kavunjika nyonga, leo anacheza!"

"Labda kapona, dada," mteja akasema.

"Kwa miaka sabini na mbili? Huyo anajivunja upya!"

Soksi zilikuwa za majaribio, alizopewa mama na mtaalamu wa viungo. Zimefumwa kwa nyuzi zinazohisi uzito wa mguu, kisha habari zinakuja kwenye simu ya Nasma. Ndizo zilizomwezesha Bi Mwamina kubaki kwake Nandagala. Sharti moja tu: atembee hatua mia tano kwa siku, uani tu, polepole. Likivunjwa, anahamia Nachingwea kwa binti yake, na mikorosho inakodishwa.

"Kunitoa kwenye mikorosho yangu," mama alishasema, "ni kunizika ningali napumua."

Nasma akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akarukia bodaboda. Mpaka anaipita Ruangwa mjini, alikuwa ameshamzika mama mara mbili na kumfufua mara tatu ili amgombeze.

Nandagala kulikuwa na sherehe. Nyumba ya tatu mwali alikuwa anatolewa, ngoma zinarindima mpaka kuku wanatingisha shingo. Nasma akasukuma mlango wa ua.

Katikati ya vumbi, mtu alikuwa anakata kiuno. Fimbo ya mama mkononi, soksi za zambarau za mama miguuni, ndevu mpaka kifuani.

Alikuwa Mzee Eustakio, jirani na mtani wa mama.

Kiuno kikagoma njiani. "We mtoto," akahema, "hata shikamoo?"

"Shikamoo. Vua soksi za mama!"

"Marahaba. Ngoma imeniponza, mwanangu. Siku zote naigiza vizuri tu. Nachechemea kumshinda mgonjwa mwenyewe!"

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

Nasma akajibwaga kwenye kigoda. "Miezi miwili mama hawezi hata hatua moja, na mmenificha?"

Eustakio akatazama juu kama anayetafuta mvua. "Mimi mtani tu. Nilitumwa. Mtani akikutuma, utakataaje?"

Nasma akakimbilia chumbani. Kitanda kimetandikwa, shuka baridi. "Mama!" Akatokea mlango wa nyuma, machozi yanamchuruzika, akaegemea mkorosho mkubwa kuliko yote na kuapa: leo leo, hata kwa kumbeba mgongoni, mama analala Nachingwea.

Majani makavu yakamwagikia kichwani. Panga likalia juu kabisa, kwenye kilele.

"Eustakio!" Bi Mwamina akafoka kutoka huko bila kutazama chini. "Nani kakwambia upumzike? Rudi uani ukachechemee! Na sogea hapo chini, tawi linakuja!"